Kupima magonjwa ya zinaa: siku ipi, sehemu ipi ya mwili, na majibu yanasema nini

"Juzi nimefanya bila kondomu, leo nimepima, niko salama?" "Nikipima VVU, si wameshaona na mengine yote?" "Sina dalili hata moja, nipime nini?" Maswali haya hayaishi, na jibu lake ni moja. Kipimo hujibu kile tu kilichoulizwa, kwa sampuli iliyotoka sehemu fulani ya mwili, kwa siku ile. Ukikosea siku, sehemu au aina ya kipimo, utapewa karatasi iliyoandikwa "hasi" ambayo maabara haikukosea hata kidogo, lakini wewe haikusaidii kitu. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: siku, sehemu, kipimo, sampuli, majibu, tiba, kinga.

Nadharia ni chache. Magonjwa manne hutibika yakaisha: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 pekee kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya hayo manne kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Mengine manne ni ya virusi: VVU, homa ya ini B, hepesi (malengelenge ya sehemu za siri) na HPV, ambayo aina zake huleta masundosundo au saratani ya mlango wa kizazi. Ya virusi hudhibitiwa, na mawili kati yake yana chanjo. Mengi ya yote haya hukaa kimya. Kwa klamidia, wanawake wapatao 7 kati ya 10 na karibu nusu ya wanaume hawahisi chochote. Kwa hiyo "sina dalili" si jibu la kipimo.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Tarehe ya mara ya mwisho uliyoshiriki ngono bila kinga, au kondomu ilipopasuka. Kama zipo nyingine ndani ya miezi 3, ziandike zote.
- Sehemu za mwili zilizohusika: uke, uume, mdomo, njia ya haja kubwa.
- Dawa ulizomeza ndani ya wiki 4 zilizopita, hasa antibiotiki, na kama unatumia PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya tukio), PrEP (dawa za kuzuia VVU kabla ya tukio) au dawa za kufubaza VVU.
- Chanjo ulizopata: homa ya ini B na HPV.
- Kwa mwanamke, tarehe ya hedhi ya mwisho na kama kuna uwezekano wa ujauzito.
- Mzio wa dawa, hasa penisilini. Andika ulipata nini hasa: vipele, kubanwa pumzi, au kichefuchefu tu. Tofauti hiyo hubadilisha tiba.
- Namba ya simu unayoishika mwenyewe. Majibu mengi hupotea kwa sababu namba iliyoandikwa ni ya mtu mwingine.

Onyo la kwanza, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote: usimeze antibiotiki kabla ya kutoa sampuli. Dozi nusu ya duka la dawa hupunguza vimelea kiasi cha kukwepa kipimo huku ugonjwa ukibaki. Pia usioshe ndani ya uke kwa sabuni, siki au dawa yoyote siku mbili kabla. Na hata siku nyingine haifai.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla ya kuhesabu siku

Kama tukio ni la ndani ya saa 72, jambo la kwanza si kupima. Nenda kituo cha afya ukaombe PEP, dawa za kuzuia VVU visijikite mwilini. Humezwa siku 28 mfululizo, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Saa 6 ni bora kuliko saa 60. Watakupima VVU siku hiyohiyo, ila kipimo hicho kinaonyesha hali yako ya kabla ya tukio, si matokeo ya tukio.

Hapohapo uliza mambo mawili. Kama hujachanjwa homa ya ini B, chanjo itolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kama kuna hatari ya mimba usiyoitaka, vidonge vya dharura hutumika hadi siku 5, navyo pia hufanya kazi vizuri zaidi mapema.

Aliyebakwa au kulazimishwa aende hospitali mara moja, kabla ya kuoga au kufua nguo kama inawezekana. Kama ameshaoga, aende hivyohivyo. Huduma haipotei kwa sababu ya kuoga.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Kila ugonjwa una kipindi ambacho umeshaingia mwilini lakini kipimo bado hakiuoni. Wengi hukiita kipindi cha dirisha. Hesabu kuanzia siku ya tukio:

- Klamidia na kisonono: wiki 2.
- Trikomona: wiki 2 hadi 4.
- VVU kwa kipimo cha maabara kinachotafuta kingamwili (askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya ugonjwa) pamoja na kipande cha kirusi chenyewe: siku 45.
- VVU kwa kipimo cha haraka cha tone la damu la kidole au cha majimaji ya fizi: siku 90.
- Kaswende: wengi huonekana kati ya wiki 3 na 6, lakini hasi ya kufungia hesabu ni ya miezi 3.
- Homa ya ini B: mara nyingi wiki 1 hadi 9; rudia kwenye miezi 3.

Kama unaweza kwenda mara mbili tu, nenda wiki 2 na miezi 3 baada ya tukio. Kupima mapema zaidi si kosa. Kosa ni kuichukua hasi ya siku ya 4 ukaifanya ruhusa. Aliyetumia PEP aanze kuhesabu siku za VVU baada ya kumaliza dawa, si siku ya tukio, kwa kuwa dawa huchelewesha kingamwili kujitokeza.

Hesabu hizi ni za mtu asiye na dalili. Ukiona usaha, kidonda, vipele viganjani na kwenye nyayo, maumivu ya kukojoa au mtoki uliovimba, nenda siku hiyo. Kidonda hasa hakisubiri: sampuli ya hepesi huchukuliwa vizuri ndani ya saa 48 za mwanzo, kabla malengelenge hayajakauka.

Hatua ya 3: Taja sehemu za mwili

Hapa ndipo watu huona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayoharibu kipimo. Kisonono kikikaa kooni, mkojo hauna habari nacho. Klamidia ya njia ya haja kubwa haionekani kwenye mkojo wala ukeni. Maambukizi ya koo na ya haja kubwa mara nyingi hayana dalili, kwa hiyo asiyeyataja hayapimwi.

Huna haja ya kusimulia. Sema hivi, inatosha: "Nimeshiriki kwa mdomo na kwa njia ya haja kubwa, naomba sampuli za sehemu hizo pia." Mhudumu anayejua kazi yake hataongeza swali. Akianza kuhukumu, una haki ya kuomba mwingine.

Hatua ya 4: Omba vipimo kwa majina

"Nipimeni magonjwa yote" ni ombi ambalo kila maabara hulitafsiri inavyotaka. Pengine watapima VVU na kaswende, basi. Taja:

- Kwa damu: VVU, kaswende, homa ya ini B.
- Kwa mkojo au kijiti cha pamba: klamidia na kisonono, kwa kipimo cha vinasaba (maabara hukiita PCR au NAAT).
- Kwa mwanamke, ongeza trikomona. Mwanaume apime hii akiwa na dalili au mwenza wake akikutwa nayo.

Usikimbilie kipimo cha damu cha hepesi kama huna kidonda. Watu wengi sana wana kingamwili za hepesi ya mdomo tangu utotoni, majibu ya uongo ni mengi, na karatasi haikuambii ulipata lini wala kwa nani. HPV nayo haina kipimo cha kawaida kwa mwanaume. Kwa mwanamke ipo kwenye uchunguzi wa mlango wa kizazi, ambao Shirika la Afya Duniani hushauri uanze miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na VVU.

Kama maabara haina kipimo cha vinasaba, uliza wana nini. Darubini hugundua kisonono vizuri kwa mwanaume anayetoa usaha. Kwa mwanamke hukosa wengi, na klamidia haionekani kwa njia hiyo. Vituo vingi vitakutibu kwa kuangalia dalili. Ni njia halali na imeokoa wengi, ila haimgusi asiye na dalili.

Hatua ya 5: Toa sampuli kama inavyotakiwa

Mkojo. Usikojoe kwa angalau saa 1 kabla. Usijisafishe kwanza. Unachotaka ni mkojo wa mwanzo kabisa, ule unaosukuma vimelea vilivyokaa kwenye njia ya mkojo: mililita 20 hadi 30, yaani sakafu ya kikopo na kidogo juu yake. Kisha ondoa kikopo, malizia chooni. Kosa la kawaida ni kufuata maelekezo ya kipimo cha UTI, ambacho hutaka mkojo wa katikati baada ya kujisafisha. Hapa ni kinyume chake. Na anayejaza kikopo hadi juu, kwa kudhani mwingi ndio mzuri, anajizimulia sampuli mwenyewe.

Uke. Kwa mwanamke kijiti cha pamba ni bora kuliko mkojo, na unaweza kujichukulia mwenyewe faraghani bila majibu kupungua ubora.

a) Nawa mikono, fungua pakiti, shika kijiti katikati. Kichwa chake kisiguse meza wala vidole. Kikidondoka, omba kingine.
b) Tanua miguu, au weka mguu mmoja juu ya kiti. Ingiza taratibu kama sentimita 5.
c) Zungusha kikigusa kuta za uke, sekunde 10 hadi 30. Hesabu kwa sauti kama unaelekea kuharakisha; wengi huishia sekunde 3.
d) Toa bila kugusa ngozi ya nje, tumbukiza kwenye kichupa, vunja kijiti palipo na alama, funga kifuniko mpaka kikaze. Yale majimaji ya kichupani usiyamwage: ndiyo yanayohifadhi sampuli.

Njia ya haja kubwa. Ingiza sentimita 3 hadi 5, zungusha sekunde 5 hadi 10. Kikitoka na kinyesi kingi, tumia kingine.

Koo. Paka kijiti kwenye tezi za pande zote mbili na ukuta wa nyuma. Ukishikwa na kichefuchefu kidogo, umefika pale panapotakiwa. Ulimi na mashavu havihesabiwi.

Hatua ya 6: Ukijipima VVU mwenyewe

Kwanza, kipimo hiki si cha kila mtu. Anayetumia dawa za kufubaza VVU asikitumie: dawa hushusha kingamwili na kipimo huweza kusema hasi ya uongo, kisha mtu akaacha dawa akidhani amepona. Anayetumia PrEP apimwe kituoni.

1. Angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti, na usome karatasi ya ndani yote kabla ya kuchana kitu. Vipimo hutofautiana, karatasi hiyo inashinda chochote unachosoma hapa.
2. Weka saa inayoonekana. Simu yenye kengele inafaa.
3. Cha fizi: usile wala kunywa dakika 15 kabla, na usipige mswaki dakika 30 kabla. Pitisha ile bapa mara moja kwenye fizi za juu na mara moja za chini. Usiisugue ulimini.
4. Cha damu: nawa kwa maji ya uvuguvugu, kausha kabisa, toboa pembeni mwa ncha ya kidole cha pete, si katikati. Mkono ukiwa wa baridi damu haitoki; uninginize chini dakika moja.
5. Weka kipimo mahali tambarare penye mwanga, uache. Cha fizi kinachotumika sana husomwa kati ya dakika 20 na 40. Vingi vya damu ni kati ya 15 na 20. Kusoma mapema hukosesha mstari unaochelewa. Kusoma kesho yake huleta mistari ya kivuli isiyo na maana.

Mstari mmoja kwenye C (alama ya kuonyesha kuwa kipimo kinafanya kazi) ni hasi. Mistari miwili, hata wa T (alama ya VVU) ukiwa hafifu kama umechorwa na penseli butu, maana yake nenda kituoni ukathibitishe. C ikikosekana, kipimo kimeharibika, haijalishi T inaonyesha nini.

Hatua ya 7: Soma majibu

Hasi ina nguvu ya siku iliyochukuliwa na sehemu iliyochukuliwa, basi. Rudi hatua ya 2 na 3, ujiulize kama vyote viwili vilitimia.

Chanya ya VVU haitangazwi kwa kipimo kimoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka vipimo vitatu tofauti vikubaliane. Vikikubaliana, dawa huanza, hata siku hiyohiyo. Mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi vikawa havionekani kwenye kipimo haambukizi mwenza wake kwa ngono. Hilo limethibitika, si la kumfariji mtu.

Kaswende ndiyo inayochanganya kuliko zote. Kuna aina mbili za vipimo. Cha kwanza, kikiwemo kile cha haraka cha kidole, hutafuta kingamwili za kaswende yenyewe, na kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kupona. Cha pili, RPR au VDRL, hutoa namba kama 1:32, na namba hiyo hupanda ugonjwa ukiwa hai na kushuka ukitibiwa. Kwa hiyo aliyetibiwa zamani akikutwa chanya kwa kipimo cha haraka asichomwe tena kabla ya kupimwa RPR. Ifuatilie namba: kushuka kutoka 1:32 hadi 1:8, yaani mara nne, ndani ya mwaka mmoja ni dalili kwamba tiba imefanya kazi. Kutoka 1:32 hadi 1:16 haitoshi kusema lolote. Vipimo vyenyewe hupishana kiasi hicho. Tunza karatasi ya namba. Miaka mitano baadaye itakuepusha na sindano usizozihitaji.

Hatua ya 8: Tibiwa, na wenza watibiwe

Dozi atapanga mhudumu, ila ni vizuri ujue cha kutarajia ili ugundue ukipewa kitu cha ajabu. Klamidia hutibiwa mara nyingi kwa doksisaiklini mara mbili kwa siku kwa siku 7 (si kwa mjamzito). Kisonono ni sindano ya seftriaksoni. Vidonge vingi vya zamani havikiwezi tena kwa sababu ya usugu. Trikomona ni metronidazole. Kaswende ya mapema ni sindano moja ya benzathine penisilini, ya muda mrefu ni tatu, moja kila wiki.

Doksisaiklini imeze kwa glasi nzima ya maji na usilale kwa nusu saa, la sivyo inaunguza koo la chakula. Usiichanganye na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia kwa wakati mmoja, kwani huifunga isifyonzwe. Baada ya sindano ya kaswende unaweza kupata homa, baridi na kichwa kuuma ndani ya saa 24. Hali hiyo hutokana na vimelea kufa kwa wingi, si mzio, na hupita yenyewe. Mzio huja na kubanwa pumzi, kuvimba uso au vipele vya kuwasha. Huo ni wa kukimbilia hospitali.

Kisha wenza. Kwa klamidia na kisonono, mwambie kila uliyeshiriki naye ndani ya siku 60 zilizopita. Kama hakuna, mwambie wa mwisho hata kama ni wa zamani zaidi. Maneno ya kutosha ni haya: "Nimepimwa nimekutwa na klamidia, natibiwa. Na wewe nenda ukapimwe na utibiwe, hata kama huna dalili." Usimpe nusu ya vidonge vyako. Mnagawana dozi, mnabaki na ugonjwa wote wawili.

Hakuna ngono hadi zipite siku 7 baada ya sindano au dozi ya mara moja, au hadi siku 7 za vidonge ziishe, na mwenza awe amemaliza yake. Anayeanza siku ya 5 kwa kuwa "dalili zimeisha" ndiye huyohuyo anayerudi baada ya wiki tatu.

Hatua ya 9: Rudia kwa wakati wake

Klamidia, kisonono na trikomona: pima tena baada ya miezi 3, kwa sababu kuambukizwa upya ni jambo la kawaida sana. Usirudie kipimo cha vinasaba kabla ya wiki 4. Mabaki ya vimelea vilivyokufa huweza kukupa chanya ya bure. Mjamzito na mwenye kisonono cha koo hupangiwa kurudi kuhakikisha wamepona.

Usiye na tatizo lolote lakini una mwenza mpya, au zaidi ya mmoja: kila miezi 3 hadi 12, kulingana na wingi.

Kinga inayofanya kazi, na inavyoharibiwa

Kondomu huzuia vizuri VVU, klamidia, kisonono na trikomona. Kwa hepesi, kaswende na HPV hupunguza hatari tu, kwa kuwa haya hupita kwenye ngozi isiyofunikwa. Zinapopasuka, lawama mara nyingi ni ya utunzaji:

1. Angalia tarehe, kisha bonyeza pakiti. Ukihisi hewa ndani inasukuma, ni nzima. Iliyokaa kwenye pochi, dashibodi ya gari au juani, tupa.
2. Sukuma kondomu upande mmoja, chana ukingo mwingine kwa vidole, si kwa meno.
3. Bana chuchu ya mbele kutoa hewa, kunjua juu ya uume uliosimama hadi shinani. Ikigoma kukunjuka, umeiweka kinyume: itupe. Ukiigeuza tu, upande ulioguswa na majimaji ndio unaoingia.
4. Ongeza kilainishi cha maji au cha silikoni. Vaselini, mafuta ya nazi na losheni hudhoofisha mpira wa lateksi haraka.
5. Baada ya kumaliza, shika shina, toka uume ukiwa bado mgumu. Ifunge fundo, ifunge kwenye karatasi, tupa kwenye taka.

Moja kwa wakati. Mbili zikisuguana hupasuka, na ya kike na ya kiume haziendi pamoja. Badilisha unapohama kutoka haja kubwa kwenda ukeni. Epuka zenye dawa ya kuua mbegu iitwayo nonoksinoli-9: ikitumiwa mara kwa mara hukwaruza utando na kuongeza hatari ya VVU. Ya kike huweza kuvaliwa hadi saa 8 kabla, faida kubwa kwa asiyeweza kujadiliana dakika za mwisho.

Chanjo ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6 tangu ya kwanza. Chanjo ya HPV hulenga kwanza wasichana wa miaka 9 hadi 14. PrEP ipo ya vidonge vya kila siku, na ipo ya sindano. Inakinga VVU peke yake. Tohara ya mwanaume hupunguza uwezekano wake wa kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Iliyobaki inataka kondomu.

Mambo yanapokwama

Majibu ya VVU hayaeleweki, kimoja chanya kingine hasi. Rudia baada ya siku 14. Katikati, tumia kondomu na usianze kumtafuta mchawi.

Nimetibiwa, dalili zimerudi. Panga hivi: mwenza hakutibiwa, dozi haikuisha, dawa haikuwa ya ugonjwa huo, kimelea ni sugu. Sababu ya kwanza ndiyo ya mara kwa mara. Ikiwa ni kisonono na mwenza alitibiwa kweli, omba sampuli ioteshwe maabara ijulikane dawa gani inakiua.

"UTI sugu" isiyosikia dawa. Mwanaume kijana anayeumwa akikojoa apimwe klamidia na kisonono kabla ya kupewa dawa ya UTI ya tatu. Mwanamke apimwe hayo pamoja na trikomona, na mkojo wake uoteshwe. Uchafu mweupe mzito unaowasha mara nyingi ni fangasi, na ule wa harufu ya samaki ni kuvurugika kwa bakteria wa uke. Yote mawili huweza kutokea kwa asiyeshiriki ngono kabisa.

Mimi chanya, mwenza hasi. Inawezekana. Si kila tendo huambukiza, na klamidia huweza kukaa miezi mingi kimya, hepesi na kaswende miaka. Karatasi haisemi nani alimwambukiza nani. Mwenza atibiwe kwa klamidia na kisonono hata akiwa hasi.

Vipele vidogo vya rangi ya ngozi vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume. Kama vimelingana, haviumi na vipo tangu ujana, ni maumbile. Usivichome kwa dawa ya masundosundo. Utajitengenezea kidonda cha kweli.

Nilishameza antibiotiki. Toa sampuli hata hivyo, taja dawa na siku, na urudie kaswende kwenye miezi 3, kwa kuwa dozi ndogo huweza kuificha bila kuitibu.

Mjamzito amekutwa na kaswende. Atibiwe siku hiyo, kwa penisilini. Akiwa na mzio, hospitali humzoesha penisilini kidogo kidogo chini ya uangalizi, kwa sababu hakuna dawa nyingine inayoaminika kumfikia mtoto tumboni.

Yasiyosubiri miadi: maumivu ya chini ya kitovu yenye homa, au yanayoambatana na hedhi iliyochelewa; korodani iliyoanza kuuma ghafla (huenda imejisokota, na saa 6 za mwanzo ndizo za kuiokoa); kuona ukungu au masikio kuvuma kwa mwenye kaswende; na macho ya mtoto mchanga yanayovimba na kutoa usaha siku za mwanzo. Huyo wa mwisho apelekwe hospitali saa hiyo, na mama yake apimwe naye.